Mwanachama na Mizani Yake
Maelezo ya Mkaguzi wa Ushirika kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Nimeombwa nizungumze juu ya elimu ya watu wazima, na najua wapo watakaosema kuwa hiyo ni kazi ya Afisa Elimu. Sivyo. Huku kwetu Kanda ya Ziwa elimu hiyo ilianzia shambani. Mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza mwaka 1968, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vyake vilihusu pamba, ndizi, uvuvi na ng'ombe, hata mtu akajifunza herufi katika maneno ya kazi yake mwenyewe.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma; majaribio ya taifa ya 1986 yaliwakuta wasiojua kuwa chini ya 10 katika kila 100. Tangu 1974 wasomaji wapya walikuwa hata na gazeti lao lililotoka Mwanza, Elimu Haina Mwisho. Kisha juhudi zikalegea. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya watu 20 katika kila 100 wenye miaka 15 na zaidi hawajui kusoma na kuandika. Vipimo vya nyakati hizo mbili havilingani sawasawa, lakini hakuna awezaye kusema kazi ilikwisha.

Sasa nije kwenye vitabu vyenu, maana huko ndiko niyaonako mambo haya. Katika vitabu vya zamani vya malipo, safu ya sahihi imejaa alama za dole gumba. Siku hizi alama hizo zimepungua, kwa kuwa fedha hupitia benki au simu. Lakini katika chama kimoja nilikuta daftari la karani lenye majina ya wanachama, na mbele ya kila jina namba ya siri ya simu ya mwenyewe. Hakuna shilingi iliyopotea, na karani yule namsema kwa haki. Wanachama ndio waliompa namba hizo, kwa sababu hawakuweza kusoma ujumbe wa malipo. Je, akija karani mwingine?

Na mizani je? Mizani ya kidijitali husoma, tuseme, 48.6, naye karani huandika 48. Mkulima huiona ile nukta, asijue kazi yake. Katika mizigo 20 ya namna hiyo atapoteza kilo 12. Bei ikiwa shilingi 1,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 12,000. Mkulima huyo huenda anasoma barua vizuri kabisa. Desimali ndiyo hakufundishwa.

Serikali, kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, imeleta mfumo wa kompyuta wa usimamizi wa vyama, uitwao MUVU. Nauunga mkono, umenipunguzia safari nyingi za kutafuta makabrasha. Hata hivyo, sera ikimpa karani kompyuta bila kumpa mwanachama uwezo wa kusoma karatasi itokayo humo, itakuwa imemwongezea nguvu karani peke yake. Madarasa ya watu wazima yanayopangwa na halmashauri hayana budi kufundisha desimali, makato na matumizi ya simu, pamoja na a-e-i-o-u.

Nanyi makatibu msingoje waraka. Siku ya ununuzi watu wamekwisha kukusanyika, na mara nyingi hungoja saa nyingi. Mwombeni mwalimu wa shule ya jirani, au kijana aliyemaliza kidato cha nne, afundishe nusu saa chini ya mti kwa kutumia stakabadhi za wanachama wenyewe: uzito, bei, makato, baki. Chaki na ubao havitamaliza fedha za chama. Akina mama wapangiwe saa isiyogongana na kazi za nyumbani, la sivyo mtafundisha wanaume watupu.

Daftari lolote la namba za siri liteketezwe mbele ya kamati, na kila mwanachama asaidiwe kubadili namba yake, aibonyeze kwa mkono wake mwenyewe. Nitakapokuja kukagua msimu huu nitaomba kuona kitabu cha mahudhurio ya darasa kando ya kitabu cha fedha.