HEWA TUIVUTAYO NANI ATAIPIMA?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Tena, Nairobi)



Leo sisemi habari ya mshahara. Nasema habari ya hewa, kwa maana mshahara haumfai mtu ambaye mapafu yake yamekwisha. Wengi wetu hapa Tena hutoka alfajiri kwenda viwanda vya Industrial Area. Mchana kutwa tunavuta vumbi, na jioni tunarudi tukivuta moshi wa magari ya Outer Ring. Tukimwambia tajiri kwamba hewa ni mbaya, hutuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Hapo twanyamaza.

Zamani kupima hewa kulikuwa kazi ya wataalamu tu, kwa sababu mitambo ilikuwa ghali mno. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa Nairobi, lilionyesha chombo cha dola 1,500 hivi, likasema kwamba gharama ya kituo kimoja cha zamani yaweza kutosha vyombo vidogo vya mji mzima. Huko Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kazi ya AirQo mwaka 2015, na vyombo vyake vimefungwa hata kwenye bodaboda.

Chombo cha vumbi kina taa ndogo ndani. Vumbi likipita, mwangaza hutawanyika, nacho huhesabu, kisha hupeleka hesabu kwa mtandao wa simu, bila waya. Hulihesabu vumbi jembamba sana, ambalo unywele mmoja ni mnene kulishinda mara 20 na zaidi. Hilo ndilo liingialo ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema wastani wake kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Iko aina nyingine, ya bei ndogo zaidi, ambayo hupigwa chapa kama karatasi za chama. Wino wake una fedha au kaboni, nao hupitisha umeme. Gesi au unyevu ukiugusa, umeme hubadilika. Msistaajabu: vikaratasi vingi vya kupimia sukari katika damu hupigwa chapa hivyo hivyo. Vingine havina betri, husomwa kwa mawimbi ya redio. Vya gesi vingi vingali katika majaribio, lakini vinakuja.

Sasa sikieni sana. Chombo rahisi chaweza kudanganya. Wakati wa masika na ukungu, matone ya maji huhesabiwa kama vumbi. Chombo kikizeeka, hupotoka. Kwa hiyo lazima kwanza kiwekwe kando ya mtambo mzuri, hesabu zilinganishwe na kusahihishwa. Tusipofanya hivyo, tajiri atatucheka, naye atakuwa na haki.

Lakini hesabu iliyo sawa ina nguvu. Kumbukeni Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia watu sumu ya risasi. Kilio chao kilitiwa nguvu na vipimo vya damu na udongo. Julai 2020 mahakama huko Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo Desemba 2024.

Basi tufanye nini? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na halmashauri ya usalama na afya, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Wajumbe wetu na wadai chombo ndani ya kiwanda, si langoni. Hesabu zibandikwe ukutani kila mtu azione. Na sisi tuwe na daftari letu: tarehe, saa, mashine gani ilikuwa ikifanya kazi, nani alikohoa. Chombo kitatoa hesabu tu. Sisi ndio tutakaoeleza vumbi lilitoka wapi.

Siku tajiri atakapouliza tena ushahidi uko wapi, tufungue daftari.

Umoja ni nguvu.