Ubora wa Asali Huanzia Mzingani

Wapo wanunuzi wanaochovya njiti ya kiberiti katika asali na kuihukumu kwa kuwaka kwake. Jaribio hilo halithibitishi lolote: asali halisi yenye maji mengi yaweza kuizuia njiti isiwake, na iliyochanganywa na shira nzito ya sukari yaweza kuiacha iwake.

Kipimo cha kuaminika ni refraktomita, kifaa kidogo kinachosoma kiasi cha maji katika tone moja. Kiwango cha kimataifa cha Codex huruhusu maji yasiyozidi asilimia 20. Yakizidi, asali huelekea kuchacha. Maabara hupima pia HMF, kemikali inayoongezeka asali ikichemshwa au ikihifadhiwa kwa muda mrefu penye joto. Kwa asali ya nchi za joto, ukomo ni miligramu 80 kwa kilo.

Hata hivyo, maabara haiponyi kosa la mzingani. Mrinaji na arine masega yaliyozibwa kwa nta, apunguze moshi, asichemshe asali, aihifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko. Asali ikiganda si dalili ya kuchakachuliwa. Bali ndoo moja iliyotiwa sukari huwaharibia soko warinaji wa kata nzima.