Zana ya Kuchimbia Kitu Kilichozama Mbali Ardhini

Jioni ya leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya zana ya kuchimbia kitu cha chuma au cha shaba kilichozama mbali ardhini, na hasa katika ardhi ya Kibaha na Kisarawe. Huenda mmoja wenu akacheka na kusema, "Kuchimba ni kuchimba, na jembe ninalo." Twamwomba atusikilize mpaka mwisho, kwa maana katika kazi hii zana isiyofaa huharibu kitu kitafutwacho, na mara nyingine humwangamiza mtafutaji mwenyewe.

Kwanza tuieleze mashine ya kutafutia metali, yaani chuma, shaba, fedha na jamii zake. Mashine hii ina duara la nyaya linalopitishwa umeme. Umeme huo hufanya nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika, nayo ikikutana na metali huamsha humo umeme mdogo, ambao mashine huuhisi na kulia. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, alijaribu chombo cha namna hii kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani, asifanikiwe. Mwaka 1942 majeshi ya Waingereza yalitumia mashine iliyobuniwa na Mpolandi Józef Kosacki kutafuta mabomu yaliyofukiwa mchangani huko El Alamein, Misri.

Mashine hulia tu. Haichimbi, wala haisemi kwa hakika kitu chenyewe ni nini. Sarafu ndogo kwa kawaida husikika ikiwa ndani sentimita 20 au 30. Kitu kikubwa chaweza kusikika kikiwa mita moja chini au zaidi. Hapa pana fundisho la kwanza: ukichimba sentimita 50 na mlio ungalipo chini, yaelekea sana kwamba kitu hicho si sarafu. Ni kikubwa, na kitu kikubwa kilicho mbali hutaka zana nzuri na mtu mwenye hadhari.

Watu huchimba kwa sababu mbalimbali. Mpima ardhi hutafuta nondo ya jiwe la mpaka lililofunikwa na udongo, ili ugomvi wa majirani upate kukoma. Mkulima hutafuta kipande cha jembe la trekta kilichokatikia shambani. Mwingine hutafuta rupia za Kijerumani na heller zake, ambazo tangu mwaka 1904 zilikuwa 100 kwa rupia moja, na ambazo zilitumika mpaka Vita Kuu ya 1914–1918 ilipouondoa utawala huo. Kila mmoja wao yampasa kuujua udongo kabla ya kununua zana.

Udongo wa wilaya hizi si wa namna moja. Mahali pengi ni mchanga wa pwani, mwepesi kuchimbika na mwepesi kuporomoka. Katika bonde la Mto Ruvu upo udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka nyufa, na wakati wa masika hunata kama gundi. Katika vilima vya Pugu upo udongo mweupe uitwao kaolini, pamoja na mchanga ulioshikamana hata kukaribia kuwa jiwe.

Sasa tuzitazame zana. Jembe la mkono ni rafiki wa mkulima, nalo lafaa kwa kuondoa majani na tabaka la juu. Lakini shimo likizidi kina cha goti, jembe halina nafasi ya kuinuliwa, na tena hushuka kwa kishindo bila mchimbaji kuona linagonga nini. Sururu na mtarimbo hupasua udongo mgumu wa Pugu, ila zana hizi hazifai kabisa kutumiwa juu ya mahali penye mlio. Pigo moja la sururu laweza kuikata sarafu, kupasua bomba, au kufanya jambo baya kuliko hayo, kama tutakavyoeleza.

Zana iliyo bora kwa kina kirefu ni sepetu, ambalo wengine huliita chepe au beleshi, lakini liwe la namna yake. Bapa liwe refu na jembamba, kiasi cha sentimita 30 kwa urefu na 12 au 15 kwa upana, na ncha yake iwe ya mviringo. Bapa pana hubeba udongo mwingi, lakini kwa kina kirefu humchosha mtu na kumlazimisha kuchimba shimo kubwa bure. Ukingo wake wa juu uwe mpana, upate kukanyagwa kwa mguu. Mahali mpini unapoingia pawe na chuma kinene kilichopanda juu kidogo, maana hapo ndipo sepetu dhaifu huvunjika. Mpini uwe wa mti mgumu uliokauka, nao ufike karibu na kifua cha mchimbaji. Kabla ya kulipa fedha, likanyage sepetu ardhini na kuubinya mpini nyuma: likipinda na kubaki limepinda, mrudishie mwenye duka.

Sepetu hili lina sifa moja kubwa. Kwa kuwa husukumwa taratibu kwa mguu, mkono hulihisi jambo kabla halijaharibika: mchanga hukwaruza, mzizi hudunda, chuma hugota. Ukihisi hivyo, liweke kando na umalizie kwa mwiko wa mwashi na vidole. Na kila upimapo upya kwa mashine, lipeleke sepetu mbali, kwa sababu chuma chake nacho huiliza mashine.

Kuchimba kwenyewe kuwe hivi. Pima mlio kutoka pande mbili zinazokatizana, uweke alama. Anza kuchimba kando ya alama, kisha ukikaribie kitu kwa ubavu. Udongo uutie juu ya gunia, na uupime nao pia. Mlio ukihamia kwenye gunia, kitu kimekwisha kutoka, wala huna haja ya kuendelea chini.

Tena sikilizeni sana hapa. Mita moja ya ujazo ya mchanga huwa na uzito wa kilo 1,500 au zaidi. Mchanga ukimwangukia mtu mpaka kifuani, hawezi kupumua, na wenzake huwa na dakika chache tu. Basi usiingie peke yako katika shimo lipitalo kiuno. Kwa kila mita ya kwenda chini mchangani, urudishe ukingo nyuma mita moja na nusu pande zote. Ukiona kazi hiyo ni kubwa mno, kiache kitu kilale. Wazee husema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Liko na jambo la mabomu. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la Mbagala lililipuka, na tarehe 16 Februari 2011 likalipuka la Gongo la Mboto, jirani na Pugu. Kila mara watu zaidi ya 20 walifariki, na mabomu yalirushwa mbali katika makazi ya watu. Ukifukua chuma cha duara kirefu, chenye kutu na ncha, usikiguse wala usikigonge. Ondoka polepole, wazuie watoto, ukawaarifu polisi. Vilevile mlio mrefu unaofuata mstari katika Kibaha waweza kuwa bomba kubwa la maji ya Ruvu, yanywewayo na watu wa Dar es Salaam.

Mwisho, sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimbua vitu vya kale bila leseni, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yataka leseni kwa atafutaye madini. Misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi, njia ya reli, na shamba la mtu mwingine si mahali pa kuchimba bila idhini.

Basi, wasikilizaji wetu, mwendapo dukani chagueni sepetu refu, jembamba na imara. Na mfikapo shimoni, mguu usukume taratibu na mkono usikilize. Ukishamaliza, ufukie shimo, ng'ombe wa jirani asivunjike mguu. Kwaherini.