Kutangulia Si Kufika



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo linalozikosesha usingizi nyumba zetu za England kila ifikapo Septemba, nalo ni mtihani wa watoto wa miaka kumi na kumi na moja, uitwao ileveni-plasi. Ndugu zetu wa Maskati, Dubai na Mombasa mtatuwia radhi, lakini kwa kuwa nanyi hupiga simu mkauliza, "Mtoto kapita?", yafaa sote tujue kapita nini.

Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1944, watoto wa nchi hii walipimwa wakiwa wadogo. Wachache wakapelekwa skuli za grama, na wengi wakapelekwa skuli za sekondari zilizohesabiwa kuwa za chini. Mwaka 1965 serikali ilizitaka halmashauri ziuache mtindo huo, na nyingi ziliuacha. Sheria ya mwaka 1998 ikakataza kufunguliwa skuli mpya za grama. Leo zimebaki 163 katika England nzima, miongoni mwa skuli za sekondari za serikali zaidi ya 3,000. Kent na Buckinghamshire ni miongoni mwa mahali ambapo mtihani huu bado ndio mlango mkuu.

Je, mlango huo hupima akili? Hupima akili, lakini hupima na maandalizi. Watoto wengi hufundishwa tuisheni mwaka mzima au miwili kabla ya siku yenyewe, na tuisheni hununuliwa kwa fedha. Ndiyo maana katika skuli za grama watoto wanaostahiki chakula cha bure ni wachache kuliko katika skuli nyingine. Alama husawazishwa kwa umri, ili aliyezaliwa Agosti asionewe na aliyezaliwa Septemba. Lakini hakuna usawazishaji wa namna hiyo kwa mtoto aliyefika hapa na miaka minane, ambaye bado anaota kwa Kiswahili, akaulizwa maana ya neno la Kiingereza ambalo halijapata kutamkwa nyumbani kwao.

Tena, kupita si kupata nafasi. Waliofaulu wakizidi viti, skuli huangalia masharti yake: watoto walio chini ya ulezi wa serikali hutangulizwa, kisha pengine wenye ndugu skulini, au umbali wa nyumba, na zipo skuli zinazochukua wenye alama za juu tu. Kwa hiyo wazazi someni masharti ya kila skuli mapema. Fomu ya maombi ya sekondari mwisho wake ni tarehe 31 Oktoba, na majibu hutoka Machi mosi. Msijaze jina la skuli moja mkidhani mtapendelewa; hakuna apendelewaye kwa hilo. Aliyenyimwa nafasi ana haki ya kukata rufaa mbele ya jopo huru.

Jambo hili si geni kwetu. Ndugu zetu wa Kenya waliufanya mtihani wa darasa la nane tangu mwaka 1985 hadi ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na wengi wanaujua uchungu wa mtoto kupewa jina la "aliyefeli" kabla hajabaleghe.

Ndugu zangu, nina mapendekezo matatu. La kwanza, tuache desturi ya kusoma katika karamu yetu majina ya waliopita. Tunaposoma majina manne, watoto sita waliokaa meza ile ile wanasikia yasiyosomwa. Na hao wanne nao, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

La pili, fedha za mfuko wetu wa elimu zisimlipie tuisheni mwenye uwezo. Tunao walimu na vijana wa chuo kikuu humu ukumbini. Wakae na watoto wetu kila Jumamosi, wawasomeshe vitabu na hesabu, awe anafanya mtihani au hafanyi. Faida ya kusoma haipotei kwa barua ya Oktoba.

La tatu ni letu wazee. Tukipiga simu, tusiulize kama mtoto kapita. Tumwulize anasoma nini, na nini kimempendeza. Mtoto akijua kuwa heshima yake kwa bibi yake haitegemei alama, ataingia mtihanini na moyo mwepesi, na atatoka nao.

Siwaambii wazazi wasiwaingize watoto mtihanini. Anayetaka na aingie, na sote tumwombee. Ninalosema ni kwamba skuli za grama hupokea wanafunzi wapya hata katika umri wa miaka kumi na sita, na vyuo vikuu havimwulizi mtu alipata ngapi alipokuwa na miaka kumi. Kutangulia si kufika.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa, na atukutanishe tena kwa salama. Wassalaam.