Ujira Unaolia Ndani ya Vazi
Jumapili ya 26 ya Mwaka B
Masomo: Hes 11:25-29, Yak 5:1-6, Mk 9:38-43.45.47-48

Tumsifu Yesu Kristo!

Mtume Yakobo, katika somo la pili la Jumapili ya leo, anawakaripia matajiri kwa maneno makali. Anawaonya kwamba mavazi yao yameliwa na nondo. Kisha, kabla hawajapumua, anawaambia kwamba ujira wa vibarua waliovuna mashamba yao, ule ujira waliouzuia kwa hila, unapiga kelele, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Angalieni jinsi mtume anavyoviweka pamoja vitu viwili ambavyo sisi huvitenga: nguo iliyomo kabatini na mshahara wa mtu aliyefanya kazi. Kwake Yakobo, mambo hayo mawili ni kesi moja.

Kabla sijawahubiria ninyi, sina budi nijihubirie mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikihudumu, tulijiandaa kuadhimisha jubilei. Kamati iliamua kwamba kwaya ivae sare mpya. Tuliwaita mafundi cherehani watatu, tukamchagua aliyetaja bei ya chini kuliko wote. Alikuwa mama mjane, mwenye kibanda pembeni mwa soko. Hata hiyo bei yake tukaipunguza tena. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama, hii ni kazi ya Mungu." Akanyamaza, akakubali. Alishona usiku na mchana, na binti yake akakosa masomo juma zima ili amsaidie kutia vifungo. Siku ya jubilei sare zilipendeza mno, nasi tukaimba kwa shangwe. Lakini salio lake lilikaa katika hesabu zetu miezi minne, eti kwa sababu kamati haijafunga mahesabu. Hatimaye alikuja ofisini kwangu. Hakugomba. Alisema tu, "Baba Paroko, kila Jumapili wakisimama kuimba, mimi nahesabu vifungo."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma kuliko mahubiri yoyote niliyopata kuyasikia. Tulimlipa siku ile ile, lakini ile miezi minne hatukuweza kumrudishia.

Nawasimulia haya kwa sababu siku hizi twasikia mengi juu ya nguo zitengenezwazo kwa haki. Vijana wetu wenye simu wanaona matangazo ya makampuni yanayojiita rafiki wa mazingira na rafiki wa mfanyakazi. Ndugu zetu walio ng'ambo wanatuletea fulana zilizoandikwa maneno mazuri. Je, tutajuaje kampuni iliyo ya haki kweli, na ile iliyojivika maneno ya haki kama vile mbwa mwitu ajivikavyo ngozi ya kondoo?

Tutazame lililotukia nchini Bangladeshi. Huko Savar, karibu na jiji la Dhaka, palikuwa na jengo la ghorofa nane liitwalo Rana Plaza. Ndani yake mlikuwa na viwanda vitano vya kushona nguo za kuuzwa Ulaya na Amerika. Tarehe 23 Aprili 2013 kuta zilionekana zina nyufa. Benki iliyokuwamo humo iliwaondoa watumishi wake. Lakini washonaji, walio wengi wakiwa wanawake vijana, waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Wengine waliogopa kuingia, lakini waliogopa pia kukosa mshahara wa mwezi. Asubuhi ya tarehe 24 jengo likaanguka. Watu 1,134 walipoteza maisha, na wengine zaidi ya elfu mbili walijeruhiwa.

Baada ya msiba huo, watu walichakura kifusi wakitafuta lebo za nguo, ili ijulikane ni makampuni gani yaliyokuwa yakishonewa humo. Yako makampuni yaliyosema kwamba hayakujua. Hebu fikirini, ndugu: mtu avuna shamba, halafu asema hajui nani alilima!

Siku chache baadaye, tarehe 1 Mei 2013, Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, aliwakumbuka marehemu hao katika Misa ya asubuhi. Alisema amesoma kwamba walikuwa wakilipwa euro 38 kwa mwezi, na malipo ya namna hiyo akayaita utumwa. Naye mtangulizi wake, Papa Benedikto XVI, katika waraka wake wa kijamii wa mwaka 2009, alikuwa amekwisha kufundisha kwamba kununua si jambo la fedha tu, bali daima ni tendo la kimaadili. Maana yake ni kwamba, mkono unaotoa noti dukani ni mkono uleule unaofanya ishara ya msalaba.

Sasa sikilizeni jambo la kutuonya. Viwanda viwili kati ya vile vya Rana Plaza vilikuwa vimepita katika ukaguzi wa kijamii kabla ya maafa, lakini ukaguzi ule haukutoa habari ya ubovu wa jengo. Na miezi michache kabla ya hapo, mwezi wa Septemba 2012, kiwanda cha nguo mjini Karachi, Pakistani, kiliwaka moto, na watu zaidi ya 250 wakafia humo, wengi wao wakiwa wamezuiwa na milango iliyofungwa na madirisha yenye nondo za chuma. Wiki chache tu kabla ya moto huo, kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kuthibitisha kwamba kinawatendea wafanyakazi wake vema. Cheti kilikuwapo, mlango wa kutokea haukuwapo.

Basi, je, tuseme kwamba vyeti vyote ni uongo? La hasha! Tuseme kwamba alama iliyopo kwenye nguo ni mwanzo wa maswali, wala si mwisho wake. Nawapendekezeeni maswali manne.

Swali la kwanza: alama hii inathibitisha nini hasa? Iko alama ya biashara ya haki ihusuyo pamba. Hiyo inamlinda mkulima aliyeilima, na ni jambo jema, lakini peke yake haisemi habari za mshonaji. Iko alama nyingine iitwayo GOTS, ambayo hutaka walau asilimia 70 ya nyuzi ziwe zimezalishwa kwa kilimo hai, nayo hufuatilia kazi ya kusokota, kutia rangi na kushona, pamoja na masharti ya wafanyakazi. Lakini neno "asilia", au picha ya jani la kijani, pasipo mtu yeyote wa nje aliyelithibitisha, ni pambo tu.

Swali la pili: je, kampuni inavitaja viwanda vyake? Atendaye haki haogopi nuru. Yako makampuni yanayochapisha majina na mahali pa viwanda yanavyovitumia, hata mfanyakazi au mwandishi wa habari aweza kwenda kuona. Kampuni isiyotaka kusema nguo zake zashonwa wapi, yatuomba tuiamini gizani.

Swali la tatu: ahadi yake yaweza kudaiwa? Mwezi wa Mei 2013, baada ya msiba, uliandikwa mkataba wa usalama wa moto na majengo nchini Bangladeshi. Makampuni zaidi ya 200 yalikuja kuutia saini pamoja na vyama vya wafanyakazi. Mkataba huo ulikuwa na nguvu ya sheria, ukaguzi haukufanywa na wenye viwanda wenyewe, na taarifa zilitangazwa wazi. Hiyo ni tofauti na ahadi ambayo kampuni yajiandikia yenyewe na kujisamehe yenyewe. Tena tuulize kama mshonaji ana uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Wale wa Rana Plaza, kama wangekuwa na chama chenye nguvu, pengine wangeweza kusema kwa sauti moja, "Hatuingii."

Swali la nne: nguo hii itadumu muda gani? Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote za nguo duniani ni za poliesta, itokanayo na mafuta ya petroli, nayo haiozi upesi itupwapo. Nguo ivaliwayo mara tatu ikachanika, hata ikiwa na alama nzuri namna gani, imepoteza bure jasho la mtu na mali ya dunia. Shikeni pindo lake, vuteni mshono, tazameni kitambaa kwenye mwanga, kama walivyofanya bibi zetu walipochagua khanga.

Najua baadhi yenu mwaniambia huko mliko, "Padre, hayo ni ya matajiri. Sisi twanunua mitumba, na robota halina habari ya kampuni." Mnasema kweli. Wala sisemi kwamba kuvaa mtumba ni dhambi. Nguo iliyokwisha kushonwa ikivaliwa miaka mingine mitano, hiyo ni shukrani kwa yule aliyeishona. Lakini kila muuza mitumba anazijua zile nguo za mwisho wa robota zisizouzika, ambazo huishia jalalani au motoni. Hizo zatukumbusha kwamba pupa ya wenye navyo yaweza kuvuka bahari na kutua mlangoni petu.

Na tusidhani kwamba mnyororo huu ni wa ng'ambo tu. Unaanzia kwetu. Pamba yalimwa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, na sehemu kubwa yake husafirishwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Huko Meatu, tangu mwaka 1994, baadhi ya wakulima hulima pamba bila mbolea wala dawa za viwandani, kwa makubaliano na mnunuzi wa Uswisi. Basi yawezekana fulana iliyomo dukani Ulaya imeanza safari yake katika jembe la Mkristo mwenzetu. Tunapouliza juu ya haki katika nguo, twauliza habari za watu wetu pia.

Lakini, wapendwa, narudi kwa yule mama mwenye kibanda. Wengi wetu hatutaingia kamwe katika duka la kampuni kubwa. Hata hivyo, kila parokia ni mnunuzi. Twanunua sare za kwaya, vitenge vya akina mama wa WAWATA, fulana za vijana, magauni ya Komunyo ya Kwanza. Je, tumepata kuviuliza vitu hivyo maswali manne? Je, tunamlipa fundi wetu kwa wakati? Je, bei tuliyomlazimisha yatosha chakula, kodi ya kibanda na karo? Na fulana zile tunazochapisha kwa kila sherehe, kisha zikageuka matambara kabla ya sherehe nyingine, tulizihitaji kweli? Haifai kuyadai makampuni ya Dhaka haki ambayo hatuitendi sisi hapa sokoni.

Katika Injili ya leo Bwana anasema mambo mawili yanayofuatana. Kwanza, hata anayetoa kikombe cha maji kwa jina lake hatakosa thawabu. Kisha anasema kwamba mkono ukitukosesha, tuukate. Mkono wa kukata ndio huu unaopenda bei rahisi bila kuuliza nani ameibeba tofauti. Na kikombe cha maji ndicho hiki kidogo tuwezacho: kuuliza swali moja dukani, kushona kiraka badala ya kutupa, kununua nguo moja imara badala ya tatu dhaifu, kumlipa fundi siku anapokabidhi kazi.

Kwenu makatekista nina ombi. Katika jumuiya ndogondogo, juma hili, someni tena Yakobo, sura ya tano. Kisha kila mmoja ashike nguo aliyoivaa na kusema anachokijua juu yake: imetoka wapi, imeshonwa na nani, imedumu muda gani. Wengi watasema hawajui. Msiwacheke. Kukiri huko ni mwanzo wa toba. Kisha jumuiya iulize kama kuna fundi yeyote mtaani ambaye yeyote kati yenu anadaiwa naye, na deni hilo lilipwe kabla ya Jumapili ijayo.

Mimi tangu siku ile sijaweza kuisikiliza kwaya bila kutazama vifungo. Naomba iwe hivyo kwenu pia, lakini isiwe kwa huzuni. Siku moja mfikie kuvitazama kwa furaha, mkijua kwamba aliyevitia alilala usingizi wake, alikula, na binti yake alikuwa darasani.

Tuombe. Ee Mungu uliyewashonea wazazi wetu wa kwanza mavazi kabla hujawatoa bustanini, uwakumbuke waliokufa kwa ajili ya nguo zetu. Uwafariji jamaa zao. Utupe macho ya kuona mikono iliyotuvika, na moyo wa kuilipa kwa haki. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Nawatakieni Jumapili njema. Tumsifu Yesu Kristo!