Riba Iliyolala: Deni la Daktari wa Meno Huko Marekani

Natumaini vikundi vyote vimekwisha kukusanyika, na kila katibu ana kalamu na karatasi, maana jioni ya leo tutafanya hesabu. Ni hesabu ya kutoa, kujumlisha na kuzidisha tu, asiogope mtu.

Somo letu ni juu ya deni la jino. Deni lenyewe liko mbali sana, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, huko Marekani. Pengine mmoja wenu ananong'ona, “Deni la Ohio latuhusu nini sisi?” Latuhusu. Wengi wetu tuna ndugu huko. Wengine walikwenda kusoma, wengine kutafuta kazi, na jamaa wengi wa Kongo walipelekwa huko kutoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Ndugu aliye mbali akiingia katika deni, nyumba iliyo hapa hutikisika pia.

Mama mmoja wa Tanga, msikilizaji wetu wa siku nyingi, aliniandikia mwaka jana. Mdogo wake anafanya kazi katika ghala huko Columbus, na kila mwezi alikuwa akileta fedha za dawa za mama yao. Siku moja jino lilimuuma, uso ukavimba, akaenda kwa daktari wa meno. Mzizi wa jino ulisafishwa, jino likavikwa kofia, na gharama ikawa dola 2,400. Hakuwa nazo. Karani wa pale akamwambia iko kadi ya mkopo kwa ajili ya matibabu. Akajaza karatasi, na kabla hajatoka kwenye kiti mkopo ulikuwa umekubaliwa. Akampelekea dada yake picha ya karatasi ile kwa simu, na dada akaniletea mimi, akiuliza: “Mwalimu, deni hili ni baya?”

Niliisoma karatasi. Maneno makubwa ya juu yalisema kwa Kiingereza kwamba hakuna riba mtu akilipa deni lote katika miezi 12. Mimi nikamjibu yule mama kwa Kiswahili: “Hakuna riba kwa miezi 12. Msiwe na hofu.”

Tazameni nilichokifanya. Niliyaacha maneno manne, “mtu akilipa deni lote”. Nayo ndiyo maneno yaliyobeba mkataba mzima. Nina stashahada ya chuo kikuu, na kazi yangu ni kufundisha watu kusoma, lakini karatasi ile ilinipita.

Mwaka huu mama aliandika tena. Mdogo wake ameacha kuleta fedha. Nyumbani wanasema amebadilika, amewasahau, na mama yao mzee hataki tena kuzungumza naye katika simu. Dada alipombana sana, kijana alieleza kwamba deni la jino, alilokuwa akililipa kila mwezi bila kuchelewa hata siku moja, limerudi kuwa kubwa karibu kama lilivyokuwa mwanzo. Dada aliuliza inawezekanaje, nami ninadaiwa jibu.

Basi chukueni kalamu.

Iko mikopo ambayo kweli haina riba kwa muda fulani. Muda ukiisha, riba huanza kuhesabiwa kutoka siku hiyo kwenda mbele, juu ya deni lililobaki. Mkopo wa namna hiyo hauna shida kubwa. Lakini huu wa kijana wetu ni wa namna nyingine. Riba yake inahesabiwa tangu siku ya kwanza, ila haidaiwi. Imewekwa kando kama kiporo, imefunikwa na sahani. Mtu akimaliza deni lote kabla ya siku ya mwisho, kiporo hutupwa. Ikibaki hata dola moja, sahani hufunuliwa, na riba ya miezi yote iliyopita huletwa mezani kwa mara moja.

Riba ya kadi yake ilikuwa 26.99 kwa mia kwa mwaka. Gawanyeni kwa miezi 12, mtapata kama dola mbili na robo kwa kila dola mia kwa mwezi. Andikeni: deni, 2,400. Riba ya mwezi wa kwanza, dola 54. Kijana akalipa dola 80, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha chini kilichoandikwa katika hesabu aliyoletewa. Tena aliiagiza benki yake iwe inakata dola 80 yenyewe kila mwezi, ili asisahau. Mwezi wa pili deni ni 2,320, riba dola 52. Endeleeni hivyo. Mwezi wa kumi na mbili riba ni dola 34. Jumlisheni miezi yote kumi na miwili, mtapata kama dola 529. Benki huhesabu kwa siku, tena hutoza riba juu ya riba, kwa hiyo yao huzidi kidogo. Lakini hesabu yetu yatosha kuonyesha njia.

Sasa, kijana amelipa mara 12, dola 80 kila mara. Hizo ni dola 960. Katika 2,400 zimebaki 1,440. Ongezeni kiporo, 529. Anadaiwa dola 1,969. Amelipa karibu dola elfu moja, na deni limepungua kwa dola 431 tu. Na kutoka hapo riba haifichwi tena. Inaendelea kila mwezi kwa kiwango kile kile.

Kosa la mtu huyu liko wapi? Hakuchelewa. Hakukimbia deni. Alilipa kila alichoambiwa alipe. Lakini kiwango cha chini hakikupangwa ili kumaliza deni katika miezi 12. Kilipangwa ili mtu asihesabiwe kuwa mchelewaji, basi. Ndiyo sababu nasema mtego huu humshika hata mtu mwaminifu.

Andikeni mtu wa pili, ambaye habari yake yanisikitisha zaidi. Yeye alikaza mkanda, akalipa dola 190 kila mwezi. Mwisho wa mwaka amelipa 2,280, zimebaki 120. Anafikiri, “Si kitu, nitamalizia mwezi ujao.” Kiporo chake ni zaidi ya dola 365. Zile 120 zimekuwa zaidi ya 485. Mtu wa tatu alilipa dola 200 kila mwezi, akamaliza. Riba yake ni sifuri. Tofauti kati ya wa pili na wa tatu ilikuwa dola kumi kwa mwezi.

Katibu, tafadhali wasomee wenzako hesabu hizo tatu, polepole.

Nisidhaniwe kwamba nasema habari ya mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Ofisi ya serikali ya Marekani ya kulinda fedha za watumiaji ilitoa taarifa mwezi Mei 2023. Ilisema kwamba katika miaka ya 2018 mpaka 2020 watu walitumia kadi na mikopo ya namna hii kulipia matibabu ya karibu dola bilioni 23, na riba iliyofunuliwa juu yao ilikuwa dola bilioni moja. Kabla ya hapo, Desemba 2013, ofisi hiyo hiyo iliiamuru benki ya kampuni ya GE, iliyokuwa na kadi iitwayo CareCredit, kurudisha mpaka dola milioni 34.1 kwa wateja, kwa sababu watu walitiwa katika mkopo huo katika ofisi za madaktari bila kuelezwa vizuri. Wengine walidhani hauna riba kabisa.

Na mahali penyewe pa kutia sahihi ni pa ajabu. Mtu akienda benki kukopa, huenda amevaa vizuri, amelala usiku, tena ana mashaka na kila neno. Kwenye kiti cha daktari wa meno ana maumivu, mdomo umekufa ganzi, na anayemweleza mkopo ni karani wa miadi, ambaye hakusomea mikopo. Daktari hulipwa na benki baada ya siku chache, akikatwa kiasi kidogo, na kutoka hapo deni si lake. Simlaumu daktari kwa kutaka ujira wake. Lakini jimbo la California liliona jambo hili halifai, likatunga sheria mwaka 2019, iliyoanza kutumika mwaka 2020: madaktari na wahudumu wao wasiwapangie wagonjwa mkopo wenye riba ya kuahirishwa. Ohio si California, na kijana wetu yuko Ohio.

Liko jambo jingine ambalo halionekani upesi. Deni likiwa bado kwa daktari au hospitali, mtu aweza kulizungumzia. Aweza kuomba apunguziwe, au alipe kidogo kidogo bila riba, na wengi hukubali. Hospitali zisizo za kutafuta faida zinalazimishwa na sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuwa na mpango ulioandikwa wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, na mgonjwa ana siku 240 tangu hesabu ya kwanza baada ya matibabu kuleta maombi yake. Lakini akiilipa hospitali kwa kadi, hospitali imekwisha kulipwa. Anayemdai sasa ni benki, na benki haina mpango wa kusaidia wagonjwa.

Kwa meno, ziko zahanati za jamii zinazosaidiwa na serikali yao, ambazo hutoza kwa kadiri ya kipato cha mtu, na nyingi zina huduma ya meno. Viko pia vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, ambako wanafunzi hutibu chini ya macho ya walimu wao kwa bei nafuu. Kazi huko huenda taratibu. Mtu asiende akiwa na haraka.

Ikiwa ndugu yenu amekwisha kuichukua kadi, mwambieni asilipe kiwango cha chini. Agawanye deni kwa idadi ya miezi kasoro mmoja, ili abaki na mwezi wa akiba. Siku ya mwisho ya kulipa bila riba imeandikwa katika hesabu anayoletewa kila mwezi. Sheria yao yataka hivyo. Aizungushie duara kwa kalamu. Wala asiongeze matibabu mengine katika kadi hiyo hiyo, maana malipo yatagawanyika na hesabu itamchanganya. Na akiona kwamba hatamaliza kwa wakati, ni afadhali akope kiasi kilichobaki mahali penye riba ndogo, akalimalize kabla ya siku ile, kuliko kungoja.

Kwa kijana wa Columbus siku ile imekwisha kupita. Nimemshauri apige simu benki aombe riba ile iondolewe, ingawa hawalazimiki kumkubalia. Tena apeleke malalamiko kwa ile ofisi ya serikali kama karani hakumweleza. Zaidi ya hayo hana ila kulipa, tena zaidi ya dola 80.

Kwa mama wa Tanga nimeandika barua ya pili, nikaungama kosa langu la maneno manne. Nimeweka ndani hesabu yote ya miezi 12, mstari kwa mstari, nikamwomba amsomee mama yao mzee, ili ajue fedha za dawa zilikwenda wapi.

Kazi ya wiki hii ni hii. Mtu anadaiwa dola 1,360, amepewa miezi 18, kwa masharti yale yale. Kiwango cha chini kilichoandikwa ni dola 45. Je, akilipa 45 kila mwezi, siku ya mwisho atakuwa amebakiwa na deni gani, kabla ya kiporo? Na akitaka kumaliza mwezi mmoja mapema, alipe kiasi gani kila mwezi? Makatibu, leteni majibu kabla ya Ijumaa. Kwa herini.