Kabla ya Sindano: Ridhaa na Siri ya Anayetoa Figo



Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, na jamaa huchoka pamoja naye. Siku daktari akisema atafutwe wa kutoa figo, jioni yake kikao hukaa. Niliwahi kualikwa kwenye kikao kama hicho Mji wa Kale, Mombasa. Waliulizana nani hajaoa, nani hana kazi, nani hajambo mwilini. Likatajwa jina la binti aliyekuwa akituandalia kahawa. Akaitwa, akaambiwa, akajibu, "Sawa, ami." Mimi sikusikia ridhaa pale. Nilisikia adabu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inataka ridhaa ya maandishi kabla aliye hai hajatolewa kiungo. Ni jambo jema, ila saini huja mwisho. Mtu hufungwa mapema zaidi, siku anapotoa damu ipimwe, kwa kuwa majibu yakilingana hawezi tena kusema la bila kuonekana muuaji. Kwa hiyo aulizwe kabla ya sindano, peke yake, na mtu asiyemtibu mpokeaji. Akikataa, jamaa waambiwe tu kwamba hafai kutoa. Huo si uongo: asiyeridhia hafai.

Na vipimo vyenyewe vina siri zake. Ndugu wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kulingana tishu kikamilifu. Lakini vipimo hivyohivyo vyaweza kufichua kwamba baba anayetaka kumpa mwanawe figo siye aliyemzaa. Vyaweza kuonyesha virusi vya ukimwi au homa ya ini kwa kijana ambaye hakujua. Majibu hayo ni ya nani? Ni ya aliyepimwa, hata kama nauli na gharama zote amelipa ami yake. Na aambiwe mapema yanayoweza kutokea, achague anachotaka kujua.

Linaloniumiza zaidi ni ule ujumbe wa WhatsApp: "Anatafutwa mtoaji, kundi O", picha ya faili, jina kamili, nambari ya simu. Tunautuma kwa huruma. Ila Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na tangu 2025, zilipotangazwa taarifa za biashara ya figo Eldoret, hatuwezi kusema hatujui nani mwingine anasoma. Biashara hiyo dini pia inaikataa: Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu kutoa kiungo na likaharamisha kukiuza. Dalali huingilia pale tunapomwachia nambari ya mtu mwenye dhiki.

Ninachoomba kwa kila kliniki ya figo ni chumba chenye mlango wa kufungwa na nusu saa ya mazungumzo.

Yule binti nilimfuata ngazini usiku ule, nikamuuliza kama anataka. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza kama inawezekana apimwe bila baba yake kujua majibu.